SOMO LA UFUGAJI: Beberu anapanda, lakini mbuzi hawazai. Ugonjwa wa makende na utasa unaokuja baadaye



Katika vikundi vingi neno moja linarudi kila mara: «Beberu wetu iko na nguvu, anapanda kila siku, lakini tumbo za mbuzi zimebaki tupu.» Kisha watu wanaanza kutafuta mkosaji. Wa kwanza kushitakiwa ni mbuzi jike. Wanasema ni tasa, wanampeleka ku soko, mchinjaji ananunua kwa bei ya chini. Wa pili ni mama mwenye kumchunga: wanasema hamulishi vizuri. Mara chache sana mtu anainama nyuma ya beberu na kushika makende yake.

Somo la leo ni hilo: kuinama na kushika. Tutaona namna makende (wengine wanasema mapumbu) yanavyougua, namna ugonjwa huo unavyoweza kumfanya dume aliyezalisha vizuri jana awe tasa leo, na kazi gani kikundi kinaweza kufanya mbele mwaka haujapotea. Mwishoni tutasema neno juu ya mbwa dume, maana naye anaugua vilevile, na wakati mwingine ugonjwa wake na wa mbuzi ni mmoja.

1. HASARA NI NGAPI? TUHESABU

Mimba ya mbuzi inachukua miezi 5, ni kusema siku 150 hivi. Tuseme kikundi kiko na majike 20 na beberu mmoja. Beberu anapoteza uzazi mwezi wa kwanza. Kama wanakikundi wanangoja tu kuona watoto, watashituka mwezi wa 6. Hapo wanatafuta beberu mwingine, wanamleta, anapanda, kisha wanangoja tena miezi 5. Watoto wa kwanza wataonekana mwezi wa 12. Mwaka mzima umekwisha na hakuna hata mtoto mmoja.

Sasa tuseme kikundi kingine kiko na shida ileile, lakini wanaandika siku za kupanda katika kaye na wanaangalia kama jike anarudia joto. Hao watajua shida mwezi wa pili. Hasara yao ni miezi miwili.

Na mnajua mbuzi kwetu si nyama tu. Ni minerval ya mtoto, ni mahari, ni dawa siku ya ugonjwa. Katika vikundi vyenye mzunguko, ambapo familia inayopata mtoto wa mbuzi inampa familia inayofuata, sawa vile likelemba, dume mmoja mgonjwa anasimamisha mstari wote. Familia ya mwisho inangoja, na maneno mabaya yanaanza.

2. MAKENDE YANAFANYA KAZI GANI?

Makende yanafanya kazi mbili, na ni lazima kuzitenganisha.

Kazi ya kwanza ni kutengeneza mbegu za kiume. Mbegu zinatengenezwa ndani ya mirija midogo sana. Kisha zinapita katika mrija mrefu uliokunjamana kando ya kende, zinakomaa humo na kungoja. Mwisho wa mrija huo unaweza kuushika kwa vidole: ni kile kifundo kidogo kilicho chini kabisa ya kila kende. Tutakiita kifundo cha akiba.

Kazi ya pili ni kutoa ile nguvu ya kiume inayotembea katika damu. Hiyo ndiyo inampa beberu harufu, ndevu, ugomvi na hamu ya kupanda.

Sasa sikieni vizuri. Ugonjwa unapoingia katika makende, sehemu inayotengeneza mbegu inaharibika upesi. Sehemu inayotoa nguvu ya kiume ni ngumu zaidi, inaweza kuendelea kufanya kazi. Ndiyo maana beberu anaweza kunuka, kupiga kelele, kupanda majike 3 kwa siku, na bado maji anayoyatoa hayana mbegu nzima. Kupanda si kuzalisha.

Jambo lingine ni joto. Mbegu hazitengenezwi vizuri katika joto la tumbo. Mungu aliyaweka makende nje, katika mfuko wake, ili yapoe kwa nyuzi 4 au 5 hivi kuliko mwili. Wakati wa baridi mfuko unajivuta juu, wakati wa joto unalegea na kushuka. Kende likivimba na kuwaka moto, hata upande wa pili usio na ugonjwa unapata joto lile na kuharibika. Ndiyo sababu ugonjwa wa kende moja unaweza kuleta utasa wa yote mawili.

Jambo la mwisho ni muda. Kwa beberu, mbegu inachukua karibu wiki 7 kutengenezwa, kisha karibu wiki 2 kukomaa na kupita katika mrija. Jumla ni miezi 2. Kwa hiyo beberu aliyepata homa kali leo anaweza kuonekana amepona wiki ijayo, lakini mbegu zake zitakuwa mbaya kwa wiki nyingi. Na dawa nzuri ikimponya, usimhukumu mbele ya miezi 2 kuisha.

3. ALAMA: WAKATI WA MOTO NA WAKATI WA BARIDI

Ugonjwa huu una nyakati mbili. Wengi wanaona wa kwanza tu.

Wakati wa moto: kende moja au yote mawili yanavimba. Ngozi ya mfuko inanyooka na kung'aa, ukigusa ni moto. Beberu anasikia uchungu, anapiga teke, anatembea na miguu ya nyuma ikiwa mbali mbali, anasimama na mgongo uliokunjwa. Hapendi kupanda. Mara nyingi anaacha kula na ana homa. Joto la kawaida la mbuzi ni nyuzi 38,5 mpaka 39,5. Ikizidi 40 akiwa amepumzika kivulini, hiyo ni homa.

Wakati wa baridi: baada ya majuma kadhaa uvimbe unashuka. Mwenye beberu anafurahi: «Amepona!» Lakini ukishika, utakuta kende limekuwa dogo kuliko lingine, au limekuwa gumu sawa vile jiwe, au limelegea sawa vile nyanya iliyooza. Kifundo cha akiba kinaweza kuwa kikubwa na kigumu. Beberu hasikii tena uchungu, anakula, anapanda. Huyu ndiye wa hatari kwa kikundi, maana hakuna anayemshuku.

Tusichanganye na mambo mengine. Uvimbe laini, usio na moto, ambao ukiusukuma unarudi juu, unaweza kuwa utumbo ulioshuka ndani ya mfuko; huo ni wa veterineri, usiuchome wala kuukata. Na kuna utasa wa kuzaliwa nao: dume mwenye kende moja tu lililoshuka, au makende madogo tangu utoto. Huyo asichaguliwe kuwa beberu hata kidogo, maana anaweza kuwarithisha watoto wake. Vilevile, msipandishe beberu asiye na pembe wa kuzaliwa kwa jike asiye na pembe wa kuzaliwa: katika uzao wao wanaweza kutoka watoto wasio dume kamili wala jike kamili, na hao hawazai.

4. UGONJWA UNATOKA WAPI?

Majeraha na kupe. Hii ni sababu tunayoiona kila siku: miiba, waya, teke, pembe ya beberu mwingine, kuumwa na mbwa. Kidonda kidogo cha mfuko kinaingiza microbe mpaka ndani. Kupe naye anapenda sana ngozi laini ya mfuko na ya kiwele. Yule kupe mkubwa mwenye mgongo wa rangi rangi ana mdomo mrefu. Anapotoka anaacha shimo, na usaha unafuata. Upele wa mfuko pia unafanya ngozi kuwa nene na kuongeza joto, hivyo mbegu zinapungua.

Bruselozi. Huu ni ugonjwa wa microbe unaoshambulia viungo vya uzazi. Kwa jike unatupa mimba, mara nyingi katika miezi 2 ya mwisho. Kwa dume unavimbisha makende na kifundo cha akiba. Mbuzi anaupata hasa kwa kulamba au kula kitu kilichoguswa na maji ya uzazi, zalio au mtoto aliyetupwa. Dume mgonjwa naye anaweza kubeba microbe katika mbegu zake.

Bruselozi inawashika watu pia. Microbe hii iligunduliwa mwaka 1887 katika kisiwa cha Malta na munganga David Bruce, akiwachunguza askari wa Uingereza waliokufa na homa. Kwa miaka mingi watu hawakujua homa ile inatoka wapi. Mwaka 1905 munganga wa Malta, Themistocles Zammit, akaikuta katika damu ya mbuzi walioonekana wazima kabisa. Askari walikuwa wanakunywa maziwa yao mabichi. Maziwa hayo yalipokatazwa kambini, homa ikapungua sana.

Kwa mtu, ugonjwa unaleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, uchungu wa mgongo na viungo, uchovu usioisha. Mwanaume anaweza naye kuvimba makende. Mama mjamzito anaweza kupoteza mimba. Kwetu mara nyingi watu wanasema ni malaria au tifoide, wanameza dawa, homa inarudi. Kama unafuga mbuzi au ng'ombe na homa yako haisikii dawa, ukifika kituo cha afya umwambie munganga hivi: «Mimi ni mufugaji, nimegusa mbuzi aliyetupa mimba.» Neno hilo moja linaweza kumfungulia njia ya kukupima vizuri.

Ugonjwa wa nzi tsetse (nagana). Penye mbung'o, karibu na pori na mito, mnyama anapata vijidudu katika damu. Yule yule David Bruce ndiye aliyevitambua, mwaka 1895, katika nchi ya Wazulu kule Afrika Kusini. Mnyama anakonda hata kama majani ni mengi, anapungukiwa damu, homa inapanda na kushuka, manyoya yanasimama. Kwa dume, vijidudu hivyo vinaweza kuharibu makende.

Homa nyingine zote kali. Hata kama ugonjwa haukuingia katika makende, homa ya siku nyingi, ya mapafu kwa mfano, inachemsha mbegu. Hapo utasa unaweza kuwa wa muda tu, na kurudi kwa uzazi ni baada ya miezi 2 mpaka 3.

Njaa na kazi nyingi. Beberu aliyefungwa kamba mahali pamoja, bila majani mabichi, bila chumvi, bila maji ya kutosha, hatengenezi mbegu nzuri. Na beberu mmoja akipewa majike 50 kwa pamoja anamaliza akiba. Beberu mzima aliyekomaa anatosha majike 20 mpaka 25. Kijana wa mwaka mmoja, majike 10. Hii si ugonjwa wa makende, lakini matunda yake yanafanana, kwa hiyo muangalie hili kwanza.

5. NAMNA YA KUMPIMA BEBERU KWA MIKONO

Kazi hii inafanywa na watu 2, asubuhi wakati wa baridi, mbele beberu hajatoka kuchunga. Hakuna haya ndani yake. Ni sawa vile mama anavyopima kiwele mbele ya kukamua.

Moja: osheni mikono kwa sabuni. Kama kikundi kina mbuzi waliotupa mimba, vaeni mifuko ya plastiki mikononi.

Mbili: mtu wa kwanza anashika beberu kwa pembe au shingo, amweke ukutani. Wa pili anasimama nyuma na kuangalia mbele ya kugusa. Makende mawili yananing'inia sawa? Moja ni kubwa? Kuna kidonda, kupe, upele?

Tatu: kwa mikono miwili, shusha makende polepole chini ya mfuko. Lisikilize kila moja kutoka juu mpaka chini. Kende zima ni laini nje, gumu kwa kiasi, na likibonyezwa linarudi, sawa vile msuli wa mkono uliokazwa. Lisiwe jiwe, lisiwe uji.

Nne: chini kabisa, tafuta kifundo cha akiba cha kila upande. Viwe viwili, vinafanana, bila uchungu.

Tano: pitisha kamba au mita ya fundi wa nguo kuzunguka mfuko mahali penye unene zaidi. Andika namba. Usijali beberu wa jirani ana ngapi. Linganisha beberu wako na yeye mwenyewe, mwezi kwa mwezi. Namba ikiongezeka kwa ghafula, kuna uvimbe. Ikishuka kila mwezi, makende yanakauka.

Fanyeni hivi mara moja kwa mwezi, na kila mara beberu anapoingia au kurudi katika kikundi.

6. KAYE YA KUPANDA

Nunueni kaye moja na biki. Chora mistari 4: jina au alama ya jike, siku aliyopandwa, siku aliyorudia joto, siku aliyozaa.

Jike asiyeshika mimba anarudia joto kati ya siku 18 na 22, wengi siku ya 21. Anatingisha mkia, anapiga kelele, anafuata dume, nyuma panalowana. Kwa hiyo kila jike aliyepandwa anaangaliwa kwa makini katika wiki ya tatu.

Namna ya kusoma kaye: tuseme majike 10 wamepandwa. Kama 2 tu wamerudia, dume ni mzima. Angalieni hao wawili. Kama 7 au 8 wamerudia, shida haiko kwa majike. Haiwezekani majike 8 wawe tasa kwa wiki moja. Mpimeni beberu kwa mikono siku hiyo hiyo. Na kama majike hawarudii joto, lakini wanatupa mimba miezi 3 au 4 nyuma, fikirini bruselozi na muite veterineri.

Kaye hii inamaliza pia ugomvi. Mbele ya kuuza jike kwa neno «tasa», kikundi kinafungua kaye: alipandwa na dume gani? Wenzake waliopandwa na dume huyo walizaa? Jike wa mama fulani asihukumiwe kwa kosa la beberu.

7. KENDE LIMEVIMBA. TUFANYE NINI?

Siku ya kwanza: mtenge beberu. Asipande, asichunge na wengine, apewe mahali pakavu penye kivuli, majani na maji karibu.

Poesha uvimbe. Chovya kitambaa katika maji baridi ya kisima, ukishikilie kwenye mfuko dakika 15, mara 3 kwa siku, siku 2 au 3 za kwanza. Hii si dawa ya microbe, lakini inaokoa upande mzima usichemke.

Toa kupe kwa kuvuta moja kwa moja, karibu na ngozi. Usiwachome na moto. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, weka dawa ya vidonda.

Muite veterineri upesi. Ndiye anayejua kama inahitajika antibiotiki, kiasi gani kwa kilo za mbuzi, siku ngapi, pamoja na dawa ya kupunguza uchungu. Akikuta nagana, dawa yake ni nyingine kabisa. Na kama upande mmoja umekwisha kuoza, anaweza kuutoa ili kuokoa wa pili. Beberu mwenye kende moja zima anaweza bado kuzalisha. Tafadhali, msifungue kapsuli za watu na kumwaga mdomoni mwa mbuzi. Dawa kidogo inafundisha microbe kuzoea dawa, na kesho haitaponya mbuzi wala mtoto wako. Kisha soma siku zilizoandikwa kwenye chupa: mbele ya siku hizo kuisha, nyama isiliwe.

Mambo ya kukataza kabisa: kutoboa uvimbe kwa kisu au mwiba, kuchoma na chuma cha moto, kumwaga maji ya moto, kupaka maji ya betri. Mengine yanaleta tetanosi, mengine yanamaliza mbegu zilizobaki.

Baada ya kupona, ngojea miezi 2. Mpime tena kwa mikono. Kama makende yamerudi sawa, mpe majike 3 tu wa kujaribu, na uangalie wiki ya tatu. Wasiporudia joto, anaweza kurudi kazini. Wakirudia, mpumzishe mwezi mmoja na ujaribu tena. Akishindwa mara ya pili, anenepeshwe na kuuzwa kwa nyama, si kwa kufugwa. Kumuuzia mufugaji mwingine dume unayejua ni tasa ni kumwibia mwaka wake.

Kama ni bruselozi, njia ni nyingine. Veterineri atachukua damu. Kipimo kinachotumika sana kinaitwa Rose Bengal. Beberu akionekana nayo, hatibiwi, maana microbe inajificha ndani ya mwili na kurudi. Anachinjwa. Mchinjaji afunike mikono na vidonda vyake. Makende, bandama na kiwele vifukiwe kirefu. Nyama nyingine ipikwe mpaka iive kabisa. Na majike wote wa kikundi wapimwe, maana dume ni dirisha tu. Moto unaweza kuwa ndani ya nyumba.

8. BEBERU WA KUAZIMA

Ni vizuri kubadilisha mabeberu kati ya vikundi, ili baba asipande binti zake. Lakini beberu anayetembea nyumba 15 anaweza kubeba ugonjwa nyumba 15. Basi tuweke sharti:

Beberu mgeni akae peke yake siku 30, apimwe kwa mikono akiingia na akitoka. Kama veterineri anafikika, apimwe damu. Asiende kwa kikundi chenye mbuzi waliotupa mimba mpaka sababu ijulikane. Jike aliyetupa mimba atengwe, asipandwe mpaka veterineri amemuona. Zalio na mtoto aliyekufa visishikwe kwa mikono mitupu, vifukiwe shimo refu lenye chokaa au mawe juu, mbwa asifikie.

Maziwa yachemshwe mpaka yapande. Hata anayetaka kutengeneza mashanza, achemshe kwanza, kisha ayaache yagande. Kuchacha peke yake hakutoshi kuua microbe ya bruselozi.

Na siku ya salongo, kateni vichaka vya miiba njia ya kwenda malishoni. Ni kazi ya saa chache, lakini inalinda mifuko ya makende na viwele.

9. NENO JUU YA MBWA DUME

Wengi wetu tuko na mbwa wa kulinda zizi au wa kuwinda. Mwenye mbwa dume mzuri anataka watoto wake. Lakini mbwa naye anavimba makende, na namna ni zilezile: kuumwa wakati madume wanapigania jike, miiba, kupe. Tena yeye analamba kidonda bila kuacha, hivyo kinazidi.

Penye mbung'o, mbwa anaugua nagana vibaya kuliko mbuzi. Ukiona macho yanaingia ukungu mweupe au wa buluu, uso umevimba, makende yamevimba, na homa, usingoje; mbwa anaweza kufa katika wiki chache.

Bruselozi pia inamfikia. Kuna aina ya mbwa wenyewe, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1966, inayopita wakati wa kupandana na inatupa mimba za majike. Na kuna ile ya mbuzi na ng'ombe, anayoipata kwa kula zalio tunalotupa nyuma ya nyumba. Mbwa huyo anarudi jikoni, watoto wanacheza naye. Sasa mnaona sababu ya kufukia kirefu.

Kwa mbwa pia mbegu inachukua karibu miezi 2 kutengenezwa. Kwa hiyo hesabu ni ileile: mtenge, mtibishe, ngojea, kisha jaribu. Mbwa aliyekuwa na watoto mwaka jana na leo hana, usiseme amerogwa. Inama, shika, angalia.

YA KUKUMBUKA

Kupanda si kuzalisha.
Uvimbe ukishuka, kazi haijaisha: shika uone kama kende limekauka.
Jike akirudia joto siku ya 21, andika. Wengi wakirudia, mpime dume.
Miezi 2 ni muda wa mbegu mpya.
Zalio shimoni, maziwa motoni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika miezi 12 iliyopita, majike wangapi wa kikundi wameuzwa kwa sababu ya utasa? Walipandwa na dume gani?
2. Nani kati yetu atashika kaye ya kupanda, na nani atamsaidia wakati hayuko?
3. Beberu wetu alipimwa kwa mikono lini mara ya mwisho? Kama hajapimwa kamwe, tuchague siku ya juma hili.
4. Mbuzi akitupa mimba usiku, nani anafukia, na na nini mikononi?
5. Kuna mtu katika familia zetu mwenye homa inayorudi rudi? Je, amemwambia munganga kwamba anafuga?

Jibuni pamoja, mama na vijana wakisikilizwa, maana ndio wanaokuwa na mbuzi kila siku. Majibu ya swali la 1 na la 3 yaandikwe katika kaye ya kikundi, ili agronomu au veterineri akipita ayasome. Tuonane katika somo lijalo.